Kupunguza gia kwa kisigino na vidole: tatizo langu halikuwa kisigino, lilikuwa breki

MguuWaKulia:

Wakuu, habari za muda huu.

Nimetumia takriban miezi saba kujifunza kupunguza gia kwa kisigino na vidole, na katika miezi hiyo nimekosea karibu kila kitu kinachoweza kukosewa. Uzi huu ni kwa ajili ya mtu anayeendesha gari la gia za mkono, ambaye ameona video za madereva wa mashindano wakichezesha mguu wa kulia juu ya pedali mbili kwa wakati mmoja, akajaribu mwenyewe, gari likaruka kama punda aliyeshtuliwa, akaacha. Mimi niliacha mara mbili.

Tuanze na sababu ya kufanya jambo hili. Gari linapokaribia kona, dereva anatakiwa kupunguza mwendo kwa breki na pia kuingia gia ya chini, ili wakati wa kutoka kwenye kona injini iwe na nguvu ya kulivuta. Pedali ni tatu na miguu ni miwili. Wa kushoto umeshika klachi, wa kulia umeshika breki, na hapo ndipo panapohitajika resi, yaani kugusa mafuta ili injini ipandishe mizunguko, lakini hakuna mguu wa kuipiga. Mbinu hii ni kuufanya mguu wa kulia ushike breki na kupiga resi kwa pamoja.

Kwa nini resi ihitajike? Chukua giaboksi ambayo uwiano wa gia ya tatu ni 1.330 na wa gia ya pili ni 1.888. Ukigawanya namba ya pili kwa ya kwanza unapata karibu 1.42, maana yake injini inayozunguka mara 3,000 kwa dakika katika gia ya tatu italazimika kuzunguka mara 4,260 hivi katika gia ya pili kwa mwendo uleule. Sasa, ukikanyaga klachi na kuachia mafuta, injini haipandi kwenda 4,260. Inaporomoka kuelekea silensa, yaani mizunguko ya injini isiyokanyagiwa mafuta. Tuseme imefika 2,000 wakati unaachia klachi. Pengo la mizunguko zaidi ya 2,000 lazima lizibwe na kitu fulani, na usipoliziba wewe kwa mafuta, litazibwa na matairi, ambayo yataiburuta injini kwenda juu huku sahani ya klachi ikiungua katikati yao. Gari linapata breki ya ghafla ambayo hukuiomba, tena kwenye ekseli moja tu, ile inayoendeshwa na injini. Kwa gari linalosukumwa na matairi ya nyuma jambo hilo ni baya zaidi, kwa sababu breki imekwisha kuhamishia uzito mbele, matairi ya nyuma yamebaki mepesi, na mshtuko mdogo tu unatosha kuyafanya yaserereke na kulizungusha gari. Kwa linalovutwa na matairi ya mbele, ni pua inayokataa kufuata usukani.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa kuiacha breki kabisa. Katika barabara tupu, tambarare na iliyonyooka, nilikuwa nikienda kwa gia ya tatu, nakanyaga klachi, natia gia ya pili, nadokoa mafuta, naachia klachi, halafu narudi gia ya tatu na kuanza upya. Nilikaa hapo wiki sita, na kwa kweli ningekaa nane. Nilizima redio, kwa sababu sikio hujifunza jambo hili haraka kuliko jicho linalotazama mshale wa mizunguko, na dereva hana haki ya kuangalia dashibodi anapoingia kona. Kosa langu kubwa lilikuwa kukanyaga mafuta badala ya kuyadokoa. Mguu unatakiwa kugusa na kuondoka, kama mtu anayepima joto la pasi kwa kidole. Ukikawia juu ya pedali, injini inapaa kupita kiwango, na klachi ikiachiwa gari linasukumwa mbele badala ya kupungua.

Hatua ya pili ilikuwa kuweka mguu mahali pake, na hapa jina la mbinu yenyewe linapotosha. Katika baadhi ya magari ya zamani ya mashindano, Maserati 250F ya miaka ya 1950 ikiwa mfano unaojulikana, pedali ya mafuta ilikuwa katikati, kati ya klachi na breki. Magari yetu yana mafuta kulia kabisa, na madereva wengi hawatumii kisigino hata kidogo. Sehemu nene ya unyayo iliyo chini ya kidole gumba inakaa upande wa kulia wa breki, halafu ukingo wa nje wa mguu unabiringishwa kuelekea pedali ya mafuta, kifundo kikifanya kazi yote. Anayetumia kisigino kweli ni yule ambaye pedali zake ziko mbali mno, au mwenye mguu mdogo.

Nilifanya zoezi hili gari likiwa limezimwa, na huo ulikuwa upotevu wa muda. Injini isipowaka, baada ya kukanyaga breki mara mbili tatu ombwe linalosaidia kuisukuma linakwisha, pedali inakuwa ngumu kama jiwe na kubaki juu, kwa hiyo unauzoesha mguu umbo la pedali ambalo hutalikuta barabarani. Wacha injini ikiwaka, gia iwe nyutro, breki ya mkono ivutwe, mahali pawe wazi penye hewa, kisha kanyaga breki kwa nguvu ya kawaida na udokoe mafuta hadi mizunguko 3,000 bila breki kusogea.

Nimesema bila breki kusogea, na hapo ndipo nilipokwama kwa miezi mitatu. Kila nilipodokoa mafuta, nguvu ya mguu wangu juu ya breki ilibadilika bila mimi kujua. Nilidhani naziweza gia kwa sababu mlio ulikuwa mzuri. Siku moja nililaza chupa angavu yenye maji nusu kwenye kiti cha abiria, nikaifunga kwa mkanda, mdogo wangu akakaa nyuma kazi yake ikiwa kuyatazama maji tu. Breki ikishikwa sawasawa, maji hukusanyika upande wa mbele na kutulia hapo hadi mwisho. Maji yangu yalikwenda mbele, yakarudi nyuma, yakaenda mbele tena kwa nguvu, kila mara nilipogusa mafuta. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikipiga resi nzuri juu ya breki mbovu, na katika mbinu hii breki ndiyo kazi, resi ni mgeni tu aliyekaribishwa.

Baadaye nikagundua kwa nini. Nilikuwa najifunza kwa mwendo mdogo na breki laini, nikiamini kuwa hiyo ndiyo njia ya mtu mwangalifu. Katika magari mengi ya kawaida, pedali ya breki ikiwa haijakanyagwa iko juu sana kuliko ya mafuta, na hushuka kufikia usawa wake pale tu unapobana breki kwa nguvu. Ukiibana kidogo, mguu unalazimika kushika pedali iliyo juu na kuchovya nyingine iliyo chini kabisa, yaani tunawapa wanafunzi umbo gumu kuliko yote tukidhani tunawarahisishia. Nilipohamia mahali pawazi pasipo na mtu mbele wala nyuma, nikawa nashuka kutoka mwendo wa 80 hadi 45 kwa breki ya kubana, pedali zikawa karibu usawa mmoja na mguu ukabiringika wenyewe.

Wenye uzoefu, karibuni mniongezee na kunikosoa.

GiaboksiLaini:

Ndugu mleta uzi, nimekusoma hadi mwisho na nakushukuru kwa uchambuzi, lakini naomba kuuliza swali la mtu mvivu. Sinkromeshi, au sinkro kwa kifupi, kile kifaa cha ndani ya giaboksi kinachosaidia gia kuingia, ilikwisha kuwekwa kwenye magari ya Cadillac tangu mwaka 1928, na leo gari lolote dogo la kawaida la gia za mkono lina sinkro kwenye gia zote za mbele. Kama sinkro kazi yake ni kusawazisha mizunguko, kwa nini mimi nimfanyie kazi yake kwa kifundo cha mguu?

MguuWaKulia:

Mkuu, swali si la mvivu hata kidogo. Sinkro husawazisha gia na shafti ya kuingilia giaboksi, pamoja na sahani ya klachi inayoning'inia kwenye shafti hiyo. Injini haimo katika hesabu yake, kwa sababu wakati huo klachi imekanyagwa na injini iko upande wa pili, peke yake. Sinkro inakuwezesha kuingiza gia bila kelele. Pengo kati ya injini na sahani ya klachi linabaki vilevile hadi utakapoachia mguu wa kushoto, na hapo ndipo kifundo chako kinapohitajika.

MzeeWaMizigo:

Vijana, hamjambo. Nimeendesha malori yenye giaboksi zisizo na sinkro kwa miaka mingi, na napenda kueleza tofauti ambayo naona inachanganywa mara kwa mara. Sisi tulikuwa tunakanyaga klachi mara mbili: mara ya kwanza kutoa gia na kuingia nyutro, kisha tunaachia klachi, tunapiga resi tukiwa nyutro ili shafti ya ndani ya giaboksi nayo ipande, halafu tunakanyaga klachi mara ya pili na kuingiza gia ya chini. Resi ya namna hiyo inaandaa meno ya giaboksi. Resi mnayoizungumzia ninyi, inayopigwa klachi ikiwa chini muda wote, inaiandaa injini kwa ajili ya klachi. Mwenye gari dogo lenye sinkro nzima hahitaji klachi mbili, ila kama sinkro ya gia ya pili imechoka na inakwaruza, ataiona faida yake siku hiyohiyo.

Nyongeza moja kwa mleta uzi: hukusema gia ipunguzwe wakati gani. Wanafunzi wengi wana pupa. Wakigusa breki tu, gia imeshashuka. Mwanzoni mwa breki gari bado lina kasi, na gia ya pili kwa kasi hiyo inaweza kuipeleka injini kwenye mstari mwekundu, yaani kikomo chake cha mizunguko, hata kama umeipiga resi kwa ustadi. Funga breki kwanza, acha gari lipungue, gia ifuate karibu na mwisho.

MguuWaKulia:

Shikamoo mzee. Nashukuru, hilo nililisahau, na lina jambo jingine ndani yake ambalo lilinisumbua sana. Unapofanya zoezi bila breki, mwendo haubadiliki sana, kwa hiyo mizunguko unayoilenga imesimama mahali pamoja. Ukiongeza breki, shabaha inaanza kutembea. Ile 4,260 niliyoitaja ni ya sekunde ileile mshale uliposoma 3,000. Ukichelewa nusu sekunde huku unafunga breki, gari limepungua na gia ya pili sasa inataka chini ya hapo. Ndiyo maana mtu aliyeizoea resi bila breki hupiga resi kubwa mno siku ya kwanza anapoziunganisha, nami nilikuwa mmoja wao.

KonaYaKwanza:

Wakuu, mimi ni mgeni katika mambo haya na nina shida tofauti. Gari langu linavutwa na matairi ya mbele na pedali yake ya mafuta ni ya kielektroniki. Nikifanya resi bila breki, linaitika vizuri. Nikishika breki na kugusa mafuta kwa pamoja, mshale hausogei kabisa, au unasogea kwa unyonge baada ya mimi kukata tamaa. Je, mguu wangu haufiki kwenye pedali, au gari ni bovu?

FundiWaUsiku:

Dada KonaYaKwanza, huenda mguu umefika na gari ni zima. Katika magari yenye mafuta ya kielektroniki hakuna kebo inayovuta chochote. Pedali inatuma ujumbe kwenye kompyuta, na kompyuta ndiyo inayoamua. Magari mengi yameandikiwa sharti kwamba breki na mafuta vikikanyagwa pamoja, breki ndiyo isikilizwe na nguvu ya injini ikatwe. Sharti hili lilienea zaidi baada ya Toyota kuyarudisha magari mengi mwaka 2009 na 2010 kutokana na malalamiko ya magari kuongeza kasi bila dereva kutaka. Programu hizi hazifanani: baadhi huamka pale tu mafuta yanapokuwa yamekanyagwa kwanza na breki ikafuata, hivyo hazimsumbui mtu wa kisigino na vidole, na nyingine hukata nguvu kwa mpangilio wowote ule.

Lijaribu likiwa limesimama, nyutro, breki ya mkono juu: shika breki, halafu dokoa mafuta. Likikataa hata hapo, umepata jibu lako. Nakusihi usikubali mtu akate waya wa swichi ya breki ili kulidanganya gari, maana swichi hiyo ndiyo inayowasha pia taa za nyuma zinazomwonya anayekufuata. Fanya breki yako yote kabla ya kona, achia breki, kisha punguza gia kwa resi ya kawaida kabla ya kukata usukani. Unapoteza muda kidogo tu, na barabarani muda huo hauna mshindani.

Injini za dizeli nazo zina tabia yake. Flaiwili nzito, lile gurudumu linalozunguka pamoja na injini, hupanda polepole na kushuka polepole, kwa hiyo kudokoa kufupi hakutoshi. Mguu ukae kidogo zaidi.

TanoHadiMbili:

Nimesoma kimya kimya, lakini hapa lazima nitoe ushuhuda. Nilikuwa nimeshika breki, mguu wa kulia umejaa mawazo, na mkono ukapeleka gia ya tano kwenye ya pili badala ya nne. Gia ya pili na ya nne zote huingizwa kwa kurudisha mkono nyuma, na mkono uliokaza hupitiliza hadi kwenye ya pili bila kuombwa. Katika giaboksi ambayo gia ya tano ni 0.814 na ya pili 1.888, injini iliyokuwa kwenye 5,000 inatakiwa kuzunguka zaidi ya mara 11,500. Watu hudhani kile kidhibiti cha mstari mwekundu kitawaokoa. Kidhibiti kinakata mafuta tu, na hapa si mafuta yanayoizungusha injini, ni matairi. Mimi valvu zilikutana na pistoni. Shikeni gia kwa vidole vilivyolegea, kiganja kikisukuma upande unaoutaka, na klachi iachieni kwa namna ambayo mnaweza kuirudisha chini mara tu mnapohisi mvuto usio wa kawaida.

GiaboksiLaini:

Pole sana ndugu TanoHadiMbili. Nimeelewa, na sasa nina ubishi mdogo tu. Nissan 370Z iliyoingia sokoni kama toleo la mwaka 2009 ilikuwa na gia za mkono zinazojipigia resi zenyewe, na baada yake watengenezaji wengine wamefuata. Mashindano ya Formula 1 nayo yalianza kuiaga klachi ya mguu tangu gari la Ferrari 640 liliposhinda mbio zake za kwanza mwaka 1989 likiwa na vipini vya kubadilishia gia nyuma ya usukani. Mbona tunajitesa?

MguuWaKulia:

Kwa mwenye gari linalojipigia resi, hajitesi, na simwonei gere. Wengi wetu hatuna gari hilo.

Kwa kuwa umetaja Formula 1, niseme na hili: ile video maarufu ya dereva wa Formula 1, Ayrton Senna, akiendesha Honda NSX kwenye uwanja wa mbio wa Suzuka kule Japani, akiwa na viatu vya kuvaa mjini, hutumiwa kama somo la kisigino na vidole, na wanafunzi hutoka nayo wakiwa wamevurugika. Ndani yake kuna mambo mawili. Resi anazopiga akiwa kwenye breki ndizo za uzi huu. Zile za haraka haraka anazogusa katikati ya kona, breki ikiwa imeshaachiwa, ni mtindo wake wa kuucheza mshiko wa matairi, na hazihusiani na gia.

KonaYaKwanza:

Wakuu, nimerudi baada ya wiki tano. Nilifanya kipimo cha FundiWaUsiku na gari langu likakataa hata likiwa limesimama, kwa hiyo nimekuwa nikijifunza kwenye gari la kaka yangu, la zamani kidogo, lenye kebo ya mafuta. Nilitoa zulia la sakafuni lililokuwa linapanda hadi chini ya pedali, nikabadilisha viatu vya soli nene nikavaa vyembamba, na nikafuata ushauri wa kubana breki badala ya kuibembeleza. Kutoka gia ya tatu kwenda ya pili, mara saba kati ya kumi sihisi kitu chochote klachi inapopanda. Kaka yangu alikubali kuangalia chupa, na anasema maji bado yanatikisika, ila si kama mwanzo.

Shida iliyobaki ni kutoka gia ya tano kwenda ya nne. Hapo gari linasukumwa mbele kila mara, ingawa nafanya kitendo kilekile.

MguuWaKulia:

Hongera sana, dada. Tatizo ni hicho kitendo kilekile. Kutoka gia ya tatu kwenda ya pili unaongeza mizunguko kwa zaidi ya theluthi moja. Kutoka ya tano kwenda ya nne, kwa giaboksi niliyoitumia katika mfano wangu, ni 1.000 kugawanywa kwa 0.814, yaani 1.23 tu: kutoka 3,000 unahitaji 3,690 hivi, na ukiwa kwenye breki ni chini ya hapo. Kifundo kiguse kwa karibu nusu ya unavyogusa sasa. Rudi siku mbili kwenye zoezi la bila breki kwa gia hizo mbili peke yake, sikio lizoee mlio mfupi zaidi, kisha urudishe breki.

KonaYaKwanza:

Nimejaribu leo asubuhi bila breki. Mara sita mfululizo bila kusukumwa. Kesho naongeza breki.